Karatasi za Karanga kule Lubunga

Profesa wetu hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku aliyotupa kazi ya kumaliza mwaka wa tatu pale chuoni, alisema tu kwamba tutafute watu wa Kisangani wanasoma nini. Akaongeza kwamba tusimletee kile wanachosema wanasoma. Tumletee alama kwamba wamesoma.

Sikuona ugumu wowote. Nilianzia mtaa wetu wa Kabondo, ambako wazazi wangu walihamia kutoka Maniema kabla sijazaliwa, nikapita nyumba kwa nyumba na kalamu na karatasi. Wote walinijibu neno moja. Wanasoma gazeti la chama, na maneno ya Guide. Guide ndiye rais. Hatukumwita kwa jina ovyo. Jirani yetu ambaye hakuwahi kukaa darasani alisema anasoma gazeti la chama. Mshona nguo niliyemwona kwa macho yangu akificha hadithi za mapenzi za picha chini ya cherehani, naye alisema gazeti la chama, huku akinitazama kama mtu anayetazama askari.

Nilirudi nyumbani nimechanganyikiwa. Tonton wangu, mdogo wa baba, ndiye aliyenifungua macho.

"Weye uko unauliza batu kichwani mwao muko nini," aliniambia. "Nani atakujibu? Jana jirani wa huku nyuma walimubeba juu ya kicheko. Alicheka wakati haikupaswa kucheka."

Kisha akanishauri nivuke mto niende Lubunga. Kule, alisema, kuna mzee mstaafu wa reli, karani wa zamani, ambaye ana vitabu vingi kuliko misheni. Wakati wa Wabelgiji aliandika hata mashairi. Sasa alikuwa akitunga nyimbo za animation, yaani zile nyimbo na ngoma za kusifu chama tulizochezeshwa shuleni, kazini na kwenye uwanja wa mpira kila walipokuja wakubwa. Mtu wa namna hiyo haogopi kusema anachosoma.

Nikapanda mtumbwi, nikavuka.

Nyumba yake ilikuwa ya matofali, karibu na njia ya reli. Nje, chini ya kibanda cha makuti, mke wake alikuwa akikaanga karanga juu ya mbabula, jiko letu la makaa. Alikuwa mama mnene, mchangamfu, kikwembe cha kitenge kimefungwa juu ya maziwa, na vidole vyake vilikunja karatasi kuwa vipembe vya kuwekea karanga bila yeye kuvitazama. Nilimsalimu, akanielekeza ndani.

Mzee alikuwa amevaa abacost, suti ya chama isiyo na tai, ya kijivu iliyopigwa pasi vizuri, na kifuani beji ya chama yenye uso wa Guide. Alinikaribisha kama mgeni wa heshima. Nyuma yake ukuta mzima ulikuwa rafu, na rafu nzima vitabu: migongo myekundu, ya kahawia, ya kijani, maandishi ya dhahabu yaliyoanza kufifia. Nyumbani kwetu tulikuwa na Kurani moja juu ya kabati. Sikuwa nimewahi kuona nyumba ya mtu mweusi mwenye vitabu namna ile.

"Hii nilinunua kwa muzungu mwenye alikuwa anarudi kwao," alisema, akipitisha kidole kwenye migongo. "Hii nilipewa na mupadri. Hii, bon, hii ilikuwa ya chef wangu pale reli. Zote nimesoma, mutoto yangu. Na mpaka leo, kila siku nasoma."

Aliongea vizuri sana. Aliniambia habari za waandishi wa Ufaransa, jinsi mmoja anavyojenga sentensi na mwingine anavyoichezea. Niliandika mpaka mkono ukauma. Nikawaza, huyu peke yake anatosha, kazi yangu imekwisha. Lakini nilikumbuka yale ya profesa kuhusu alama. Nikamwomba, kwa adabu, anisomee mahali anapopapenda.

Alisimama bila wasiwasi. Alichagua kitabu kinene chenye mgongo mwekundu, akakifungua, na magazeti yakaanguka miguuni pake.

Kwa muda sikuelewa ninachokiona. Jalada lilikuwa mkononi mwake, pamoja na kurasa chache za mbele na chache za nyuma. Katikati hapakuwa na kitu. Kurasa zote zilikuwa zimechanwa, na mahali pake palijazwa gazeti la chama lililokunjwa vizuri ili kitabu kisilegee. Mojawapo ya magazeti yale lilifunguka sakafuni, na uso wa Guide ukatutazama kutoka chini. Wote wawili tulirudi nyuma hatua moja, kwa woga tu wa kuukanyaga.

Mzee alichukua kitabu cha pili. Gazeti. Cha tatu. Gazeti. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitilia maanani wakati ule: aliacha vingine vyote, akapiga magoti, akavuta kutoka rafu ya chini kitabu kikubwa cha sheria. Akakipindua, akakitikisa. Magazeti yakamwagika. Akabaki amepiga magoti, mdomo wazi.

Alimwita mke wake. Mama aliingia akijifuta mikono kwenye kikwembe, akatazama sakafu, na jambo la kwanza alilofanya ni kuokota uso wa Guide na kuuweka juu ya meza.

"Tangu lini?" mzee aliuliza.

"Tangu karatasi ilikosekana soko."

"Umechana bitabu yangu."

"Mbele ya macho yako," alisema mama. Hakupaza sauti. "Miaka yote hii nakaa hapa mulangoni nakunja karatasi, weye unapita, unakamata karanga, unakula, unatupa. Nilikuwa nangoja siku moja utafungua kitabu, uniulize. Haukufungua."

Sijui ni nani kati yetu aliyeona haya zaidi. Nilitazama karatasi yangu, nilipoandika kwamba mzee huyu husoma kila siku. Wino ulikuwa haujakauka vizuri.

"Ya katikati ya kitabu cha sheria," mzee akasema polepole. "Kulikuwa karatasi ingine, si ya kitabu. Iko wapi?"

"Papa, karatasi ni karatasi. Zimeenda na karanga. Zimeenda Lubunga yote."

Alikaa kitini. Mimi nilidhani analilia vitabu vyake, na moyo wangu ukamwendea. Nikasema maneno ambayo sikuwa nimeyafikiria: labda baadhi ya watu hawakuzitupa, kama anataka, ninaweza kuzunguka naye tukazitafuta. Nilimhurumia kweli. Lakini nitakuwa mwongo nisiposema kwamba nilifikiria pia kazi yangu.

Tulianza kesho yake asubuhi.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Mzee alibisha hodi na abacost yake na beji yake, akasema, "Natafuta karatasi zangu." Watu walikataa kabla hajamaliza. Hapana sitwayeni, walisema, kwa neno la chama la kumwita mwananchi, hapa hatuna karatasi. Nyumba ya tatu tulisikia mtu akikimbilia mlango wa nyuma. Ilinibidi nitangulie mimi, nizungumze na akina mama, niseme ni karatasi za karanga tu, za mama yule wa karibu na reli, na mzee anataka kuziona, si kumfunga mtu.

Hapo ndipo zilipoanza kutoka.

Sijawahi kushangaa maishani kama nilivyoshangaa siku ile. Zilitoka chini ya magodoro. Zilitoka ndani ya makopo ya unga, katikati ya vitabu vya sala, mifukoni mwa makoti. Mwenye duka mmoja, Mwislamu wa Maniema kama sisi, alituinamisha chini ya meza yake ya kuuzia: alikuwa amebandika ukurasa wa kamusi, maneno yanayoanza na herufi M, na kila mchana asipopata mteja alijifunza neno. Fundi wa reli alikuwa na ramani ya nusu ya Afrika, mto wetu umekatwa mahali mafuta yalipotoboa karatasi. Mama mmoja alileta ukurasa wa mafundisho ya ukunga na kusema kwamba ulizunguka nyumba nyingi kabla ya kumrudia. Kurasa zilikuwa na madoa ya mafuta, ya vidole, ya mawese, nyingine zimeshonwa kwa uzi pale zilipopasuka. Watu hawa ndio ambao wenzangu chuoni walisema hawasomi kitu.

Katekista wa mtaa ndiye aliyenigusa zaidi. Ukurasa wake ulikuwa wa riwaya. Ulianza katikati ya sentensi na kuishia katikati ya sentensi. Msichana amesimama kwenye mvua anangoja gari la farasi, gari linakuja, mlango unafunguliwa, na ndani yumo...

"Ndani muko nani, papa?" katekista alimwuliza mzee. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, na aliuliza kwa hamu ya kweli. "Kitabu ni yako. Niambie. Nimewaza baba yake. Nimewaza bwana mwenye alimuacha. Kila wakati nabadilisha."

Mzee alitazama ule ukurasa. Aligeuza nyuma, akageuza mbele.

"Sikumbuki," alisema.

Na akamrudishia. Jambo hilo nililiona pia lakini sikulielewa: alizirudisha zote. Watu walimnyooshea kurasa zake, wengine wakiomba msamaha, naye alizitupia jicho, akasema, "Hapana, siyo hii," tukaendelea. Nilidhani tunakusanya vitabu. Yeye alikuwa akitafuta karatasi moja.

Jua lilikuwa limeanza kuteremka tulipofika kwa yule koko. Koko ni bibi, ndivyo tunavyowaita wazee wetu Kisangani. Alikuwa mjane kutoka Yahuma, mumewe aliletwa mjini na kazi ya reli na akafia humo, naye akabaki na chumba kimoja cha udongo nyuma ya karakana. Kuta za chumba alizifunika kwa karatasi za karanga kuanzia chini hadi juu ili upepo usipite. Nilizunguka nikisoma: Kifaransa, Kifaransa, tangazo la sabuni, Kifaransa.

"Izi siwezi kusoma," koko alisema, akicheka. "Masista walinifundisha herufi tu, nasoma Kiswahili peke yake. Hii ndiyo yangu."

Akaelekeza juu ya kitanda. Pale palikuwa na ukurasa mmoja peke yake, umebandikwa kwa uji wa muhogo, umezungukwa na utepe wa kitambaa chekundu. Karatasi yake ilikuwa laini zaidi kuliko za vitabu. Ilikuwa ya jarida la zamani, yale ya misheni ya wakati wa Wabelgiji. Juu kulikuwa na picha ndogo ya meli ya mto. Chini yake, shairi la Kiswahili.

Nilisikia pumzi ya mzee ikibadilika nyuma yangu.

"Nilikuwa najua herufi, lakini sikuwa najua kusoma," koko alisema. "Nilipata hii na karanga, nikasema leo nitasoma mpaka mwisho. Nilisoma, nikalala, nikasoma. Ndiyo ilinifundisha. Mwenye aliandika, sijui, atakuwa alishakufa."

Kisha, bila kuombwa, akasimama katikati ya chumba chake, akafumba macho, akaanza:

"Bwana Mkubwa anashuka mto katika mashua nyeupe,
maporomoko yamenyamaza yapate kumsikia..."

Niliyajua maneno yale. Niliyajua mstari kwa mstari, nilijua hata mahali pa kugeuza kiuno na mahali pa kupiga makofi. Tuliyaimba shuleni. Tuliyaimba kwenye uwanja wa mpira juani, mpaka wasichana wakaanguka. Tofauti ilikuwa moja tu. Sisi tuliimba: "Papa wetu anashuka mto katika mashua nyeupe." Mahali pa Bwana Mkubwa, gavana wa Wabelgiji, palikuwa pamewekwa Guide. Maporomoko yalikuwa yaleyale, yamenyamaza vilevile.

Nilisogea karibu na kitanda. Chini ya shairi kulikuwa na jina la mtunzi. Nilimgeukia mzee. Hakuwa akinitazama.

"Inafanana na wimbo ya chama," koko alisema, amefungua macho sasa. "Nilifikiri chama waliisoma pia, wakaipenda."

Hakuwa na hila yoyote usoni.

Mzee alimpita. Alipanda kitandani kwa magoti na viatu vyake, akabandua karatasi ile ukutani. Ilitoka vizuri, isipokuwa kona moja iliyobaki na uji. Aliikwangua kona kwa ukucha. Nilifikiri ataiweka mfukoni. Aliikunja mara moja, akaikunja tena, akaitia mdomoni, akaanza kutafuna.

Koko alikuwa amesimama mikono imelegea. Mimi nilishindwa hata kufumba macho. Mzee mwenye abacost iliyopigwa pasi, ameketi juu ya kitanda cha mjane, anatafuna taratibu kama mtu anayekula muhogo mkavu, koo lake likipanda na kushuka, machozi yakimtoka kwa ugumu wa kumeza. Ilichukua muda. Karatasi haimezeki haraka. Alipomaliza alijifuta midomo kwa leso.

"Papa," koko alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini. "Ile ilikuwa yangu."

"Ilikuwa yangu," mzee alijibu.

Koko alimtazama, akatazama utepe mwekundu uliobaki ukining'inia, akanitazama mimi. Nadhani ndipo alipoelewa aliyekuwa mbele yake. Alikaa chini sakafuni.

"Basi haukufa," alisema.

Tulirudi kwa miguu kando ya reli. Karibu na nyumba yake mzee alisimama, akanishika mkono juu ya kiwiko, si kwa nguvu.

"Waliniambia kesho tunataka wimbo," alisema. "Kesho, mutoto yangu. Nilikaa usiku nzima, hakuna kitu ilikuja. Nilikuwa na moja tu. Maisha yangu yote niliandika kitu moja tu nzuri. Niliwapa ile. Kama wangeona mwanzo niliandikia muzungu, ningekuwa wapi leo?"

Nilikuwa na umri wa kuhukumu watu haraka, lakini nilikuwa nimekwisha kumwona akitafuna, na nilimjua yule jirani aliyechukuliwa kwa kicheko.

Niliandika kazi yangu. Niliandika kuhusu kamusi chini ya meza, ukurasa wa wakunga, ramani, katekista na gari lake la farasi. Sikutaja mtaa wala nyumba, na chumba cha koko sikukiandika kabisa. Profesa alisoma, akaniita ofisini, akafunga mlango. Aliniuliza kama haya ni kweli. Nilisema ni kweli. Aligeuka kutazama rafu yake mwenyewe, na sikupenda kumwuliza anawaza nini.

Baada ya mitihani nilivuka tena kwenda kumwona koko, nimempelekea sabuni na sukari. Nilimkuta ana hasira bado, lakini hasira yenye mpango. Alikuwa amekwenda mwenyewe mpaka nyumbani kwa mzee na kumwambia mbele ya mke wake: umenikulia karatasi yangu, utaniandikia ingine. Mke alisema koko ana haki. Mzee hakuwa na pa kukimbilia.

"Alileta ya kwanza," koko alinisimulia. "Nikamuambia, hii ni ya chama. Akaenda. Alileta ingine. Nikamuambia, hii pia ni ya chama, umetoa tu jina. Akakaa hapo ulipo, akashika kichwa. Akaniambia, koko, sijui kuandika namna ingine. Nikamuambia, jifunze. Mimi nilijifunza kusoma na mvi kichwani."

Na alijifunza? Koko alinielekeza kwa kidevu. Juu ya kitanda, ndani ya utepe ule mwekundu, palikuwa na karatasi ya daftari, mwandiko wa karani wa zamani, herufi zimelala upande mmoja. Nilipanda kitandani kuisoma. Ilihusu mwanamke anayekaanga karanga mlangoni, na mwanamume anayepita akizila bila kutazama zimefungwa ndani ya nini. Hakukuwa na meli wala maporomoko. Mistari haikulingana, na pale katikati mtunzi alikuwa amefuta neno mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka.

"Anakuja jioni mara kwa mara," koko alisema. "Anasimama pale mulangoni, anatazama kama ingali ukutani. Hataki kuingia."

Nilimwuliza kama analipenda shairi lake jipya.

Koko alifikiri kwa uaminifu, kama anavyofikiri mtu anayechagua nyanya sokoni.

"Ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi," alisema. Kisha akaniomba nimsaidie kubandika kona moja iliyoanza kuachia.